Udongo wa Mwanaisha

Bandari mpya ya Mtwara ilipofunguliwa, Asgarali alifunga duka lake la Mikindani na kuhamia mjini. Wenzake wengi walikuwa wamekwisha kutangulia. Mkewe, Shahbanu, hakuulizwa, wala hakutazamia kuulizwa. Alifunga vyombo vyake vya shaba kwa magazeti, akaviringisha mazulia, na siku ya safari akakataa kiti cha mbele cha lori. Alikaa nyuma, juu ya magodoro, akiishikilia mimea yake isivunjike. Binti yao wa pekee, Khursheed, alikuwa ameolewa Lindi, kwa hiyo nyumba mpya ilikuwa ya watu wawili na maua yao.

Kule Mikindani mimea hiyo iliota uani, katika udongo mweusi uliokuwa ukitupiwa maganda na majani ya chai tangu enzi za mama mkwe wake. Shahbanu alitaka auchukue udongo huo pia. Asgarali alicheka.

"Lori zima libebe udongo? Udongo uko kila mahali, bibi."

Basi aliing'oa mimea, akaifunga mizizi kwa vipande vya gunia vilivyoloweshwa, akaondoka nayo hivyo hivyo.

Nyumba ya Mtwara ilikuwa ya matofali ya saruji, duka mbele, vyumba nyuma, na ua uliosakafiwa wote. Mimea ikalazimika kuingia ndani. Mwasumini ulikaa katika debe chini ya dirisha la sebule, ukiongozwa kwa uzi ili upande kwenye nondo za dirisha. Mwaridi uliwekwa katika chungu kando ya mlango wa nyuma, mrehani katika makopo jikoni. Mmea mmoja wa majani mapana yenye madoa meupe, ambao Shahbanu hakuwahi kujua jina lake, ulipata nafasi juu ya kabati la vyombo.

Lakini udongo haukuwa kila mahali. Matingatinga yaliyosawazisha mtaa ule yalikuwa yamekwangua udongo wote wa juu, yakaacha mchanga uliochanganyika na chokaa na vipande vya zege. Shahbanu aliuchekecha. Siku ya kwanza alipouleta ndani, sisimizi walitoka wakapanda ukutani mpaka kwenye sukari, na yeye alikuwa mtu asiyeweza kuvumilia mdudu nyumbani. Akapanga kuni, akaweka karai kubwa la chuma juu ya moto, akaukaanga udongo ule kama mtu anayekaanga bisi, mpaka ukatoa moshi na harufu ya kitu kilichoungua. Ulipopoa akaupitisha vidoleni. Ulikuwa safi. Hakuna kilichotambaa ndani yake. Akaijazia mimea yote udongo huo, akaridhika.

Haikuchukua muda akaanza kuona mambo. Maji aliyomwagia yalikaa juu ya udongo kama juu ya kigae, halafu yakatafuta upenyo pembeni ya debe na kutokea chini yakiwa vile vile yalivyoingia. Majani ya mwasumini yakageuka manjano, kuanzia ya chini. Mwaridi ulitoa vitumba vikadondoka kabla ya kufunguka. Mrehani ulikufa wote. Shahbanu akaongeza maji, mizizi ikaanza kunuka. Akapunguza maji, majani yakajikunja. Aliisogeza mimea juani, akairudisha kivulini, akaisogeza tena.

"Unaisumbua tu," Asgarali alimwambia. "Hata mimi ukinihamisha hivyo nitakufa."

"Wewe ulihamishwa mara moja na hujaacha kulalamika mgongo," alijibu.

Aliyekuwa akiwaletea korosho na mpunga kutoka vijijini alikuwa dereva wao, Hassani, mtu mwenye maneno matamu na mwili mvivu wa kazi. Siku moja Shahbanu alimsimamisha mlangoni.

"Hassani, huko Mahurunga udongo wao ukoje?"

"Bondeni kule? Mama Khursheed, ukichomeka fimbo inachipua."

"Basi niletee. Lakini uwe wa porini. Usichukue cha mtu."

"Cha mtu cha nini, mama? Pori limejaa udongo."

Safari iliyofuata alirudi na magunia mawili. Shahbanu alifungua la kwanza akarudi nyuma. Udongo ulikuwa mweusi, wenye unyevu, na ulitoa harufu ya mvua. Ndani yake mlikuwa na majani yaliyooza nusu, vipande vya pumba, jongoo, na nyungunyungu wengi wakijinyonganyonga. Wazo lake la kwanza lilikuwa karai. Lakini mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na kuni zote zimelowa, na mwasumini ulikuwa umebakiza matawi yanayohesabika. Akaona bora amwage udongo mbichi kuliko kungoja kuni zikauke. Alifanya kazi ile huku amejifunga shungi puani, akitumia kijiko kirefu cha pilau ambacho baadaye hakukirudisha jikoni.

Mwasumini uliacha kupukutika. Kisha ukatoa chipukizi jekundu, laini, pale ambapo Shahbanu alikuwa amekwisha kukata tamaa. Mwaridi ukafuata. Mmea wa juu ya kabati ulifungua jani jipya, pana kuliko yote yaliyotangulia.

Shahbanu hakuwa mtu wa kushangilia. Alianza tu kuangalia. Aliona kwamba maji sasa yalizama taratibu na kukaa ndani, kwa sababu nyungunyungu walikuwa wametoboa njia. Aliona kwamba majani makavu aliyoyaacha juu ya debe kwa uvivu yaliliwa kidogo kidogo yakageuka udongo. Akaanza kuulisha kwa makusudi: majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, maganda ya mayai aliyoyasaga kwa kinu, maganda ya ndizi aliyoyakata vipande vidogo na kuyafukia, maji ya kuoshea mchele. Alipozidisha, udongo ulichacha na kuleta nzi, akajifunza kutozidisha. Aliacha kumwagilia kwa mazoea, akawa anachomeka kidole kwanza. Wadudu hawakumtoka kabisa moyoni, ila aliwazoea, kama mtu anavyozoea wageni wasioaga. Mwaka ulipopinduka, jioni mtu akiingia dukani kwa Asgarali alisikia harufu ya asumini kabla hajasikia ya bizari.

Ndipo Mwanaisha alipokuja.

Alikuja asubuhi, akapita wateja, akasimama mbele ya meza ya duka. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, kaniki imefifia, ndonya ndogo imechomekwa kwenye mdomo wa juu. Miguu yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini. Hakutazama bidhaa.

"Ninamtaka mama mwenye maua," alisema.

Asgarali alimwita mkewe. Shahbanu alitoka nyuma akijifuta mikono.

"Karibu, mama. Shikamoo ni yako au yangu?"

"Tuko sawa," mgeni alisema. "Mimi ni Mwanaisha, mke wa marehemu Athumani, wa Mahurunga. Nimefuata udongo wangu."

Shahbanu alidhani hakusikia vizuri, kwa maana Kiswahili cha mgeni kilikuwa na Kimakonde kingi. Akauliza tena. Mwanaisha akarudia neno kwa neno, bila kupandisha sauti.

Walimkaribisha ndani, akaketi juu ya mkeka, akanywa maji. Kisha akaeleza. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na shimo ambalo yeye na mumewe walilijaza kwa miaka mingi: pumba, magugu, samadi ya mbuzi, majivu, kila kilichofagiliwa. Udongo wa shimo lile ndio uliokuwa ukilisha bustani yake ya mboga. Mwaka uliopita alikwenda Msimbati kwenye matanga ya dada yake. Aliporudi akakuta shimo limechimbwa. Jirani alikuwa amemwona dereva wa lori akichota, akisema ni wa maua ya mke wa tajiri wake, akadhani ana ruhusa.

"Alituambia ni wa porini," Shahbanu alisema.

"Lori lilisimama karibu na kwangu. Pori liko mbali na lina miiba. Wewe ungechimba wapi?"

Shahbanu alimjua Hassani.

"Kama ni udongo tu ningenyamaza," Mwanaisha aliendelea. "Shimo hujaa tena. Lakini mwaka huu mto umepanda ukachukua mpunga wa shemeji zangu, na nguruwe wakala mihogo. Sasa Salumu, kaka wa marehemu, anasema baraka ya nyumba imeuzwa kwa Mhindi. Anasema, hamwoni duka lake linavyokwenda? Wanataka niondoke kwenye nyumba ya mume wangu."

Asgarali, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka kwa hasira. "Duka langu linakwenda kwa sababu ninaamka mapema!"

"Najua," Mwanaisha alisema. "Hata mimi siamini habari za Salumu. Lakini wanaoamini ni wengi, na mimi niko peke yangu."

Asgarali hakuwa mtu mbaya. Aliingia dukani akarudi na doti mbili za kanga mpya, akaziweka juu ya mkeka. "Pokea hizi, mama. Dereva wangu amekosa. Yaishe."

Mwanaisha alizitazama bila kuzigusa. "Nikirudi Mahurunga na kanga mpya, bwana, si ndipo nitakuwa nimeuza kweli?"

Shahbanu ndiye aliyezichukua kanga zile akampa mumewe azirudishe rafuni.

"Unataka nini hasa?" aliuliza.

"Udongo urudi kwa lori lile lile, mchana, watu wakiona. Na aje nao aliyeutumia. Si dereva. Wewe."

Shahbanu alisimama akaenda dirishani. Mwasumini ulikuwa umefika juu kabisa ya nondo na kuanza kuteremka upande wa pili, umejaa vitumba. Moyoni mwake alihesabu njia za kukataa, na kila moja ilikuwa nyepesi. Angeweza kumpelekea magunia ya udongo mwingine wowote, nani angejua? Angeweza kumwambia aende kwa liwali. Mwanamke huyu angetoka, angeishika njia ileile yenye vumbi, na jambo lingekwisha, kwa upande wa Mtwara. Alijishangaa kwamba hakukasirika. Alichokisikia kilikuwa aibu ndogo, kavu, kama ya mtu aliyekutwa amevaa kiatu cha mwenzake.

"Njoo unisaidie kumwaga," alisema.

Asgarali alipinga. Alisema maua yatakufa, akasema watu watawacheka, akasema wakianza hivi kesho atakuja mwingine kudai mchanga wa pwani. Shahbanu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatandika turubai sakafuni.

Wanawake wale wawili walifanya kazi mpaka adhuhuri. Shahbanu alilaza debe ubavu, Mwanaisha akavuta shina taratibu. Donge zima likatoka limeshikana, limesukwa na mizizi myeupe kama nyuzi. Walilitikisa, wakalipapasa, udongo ukaanguka juu ya turubai na nyungunyungu wake. Shahbanu alichukua kisu ili akwangue uliobaki kati ya mizizi.

"Acha," Mwanaisha alimzuia. "Huo ulioshika mizizi ni wa mti. Mimi si mchawi."

Hapo Shahbanu alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, na Mwanaisha naye akatabasamu kidogo, akiangalia pembeni. Mimea wakaifunga kwa magunia yaliyoloweshwa, wakailaza kivulini. Magunia ya udongo yalipojaa, yalikuwa mawili na kikapu juu yake.

Waliondoka kesho yake alfajiri. Hassani aliendesha macho yakiwa barabarani tu. Shahbanu alikaa mbele na Mwanaisha, wamebanana, mkoba wa biskuti magotini. Maisha yake yote aliyoishi pwani ile hakuwahi kufika Mahurunga. Aliona mashamba ya mikorosho michanga iliyopandwa kwa mistari, kisha mihogo, kisha ardhi ikashuka na hewa ikawa nzito, na bonde la Ruvuma likafunguka, kijani hadi ng'ambo ya mto, upande wa Wareno.

Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. Habari za lori husafiri haraka kuliko lori. Salumu alikuja wa mwisho, mzee mfupi mwenye kanzu safi na macho yasiyotulia. Alimsalimia Shahbanu kwa adabu, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Hakuna aliyemsaidia mgeni kushusha magunia. Shahbanu aliyaburuta mwenyewe, Mwanaisha akishika upande wa pili, hadi kwenye shimo nyuma ya nyumba. Alimwaga la kwanza, akamwaga la pili, akakung'uta kikapu. Baibui lake lilichafuka mpaka kiunoni.

"Ni wote?" Salumu aliuliza.

"Hapana," Shahbanu alisema. "Mwingine umeshika mizizi ya maua yangu."

Minong'ono ilipita. Mwanaisha alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Huo nimeuacha mimi, shemeji. Sikuombwa."

Salumu aliinuka, akachuchumaa ukingoni, akachota konzi. Akaichambua juu ya kiganja. Akaokota kitu cheupe.

"Hiki nini? Sisi hatutupi maganda ya mayai humu. Na haya majani ya chai. Huu si udongo wetu."

Shahbanu akatambua kwamba neno lolote atakalosema sasa litabaki kijijini baada ya yeye kuondoka.

"Ni wenu," alijibu. "Ila umekula kwangu mwaka mzima. Udongo unakula kama mbuzi, mzee. Nisingeulisha ungekufa, na ungekuwa mchanga. Mlipoteza magunia mawili. Nimeleta mawili na kikapu."

Mzee mmoja nyuma akasema, "Basi umerudi umenenepa," na wanawake kadhaa wakaangua kicheko. Salumu hakucheka. Alilisugua lile ganda kati ya vidole mpaka likawa unga, akalipuliza, akajifuta mkono kwenye kanzu. Halafu akasema kwamba kama umerudi, umerudi, mashahidi wapo, yeye hana neno. Alisema hivyo kama mtu anayeahirisha jambo, si kama anayelimaliza, lakini alilisema mbele ya watu, na Mwanaisha alikuwa amelitaka hilo tu.

Kabla ya kuondoka, Mwanaisha alimpa Shahbanu ugali wa muhogo na samaki wa mtoni. Hakumpa udongo, na Shahbanu hakuomba.

Nyumbani, mimea ilikuwa imelegea. Mwaridi ulikufa wiki ile ile. Mmea wa juu ya kabati ulioza shinani. Mwasumini Shahbanu aliukata karibu wote, akauacha kisiki na mizizi yake, akauweka katika kopo dogo. Akauchanganyia mchanga wa mtaa, majani yaliyooza aliyoyakusanya mwenyewe chini ya mikorosho nje ya mji, na samadi ya mbuzi wa jirani. Huko Mahurunga alikuwa amechungulia shimo vizuri kuliko watu walivyodhani. Konzi ile ya udongo iliyokuwa imeng'ang'ania mizizi ilikaa katikati, nyeusi, ikizungukwa na mchanganyiko uliopauka usio na uhai. Kwa muda mrefu haikutokea kitu. Kisha siku moja, akifukia maganda, alimkuta nyungunyungu mmoja mwembamba kama uzi pembeni kabisa mwa kopo, katika sehemu iliyokuwa mchanga mtupu, na rangi ya hapo ilikuwa imeanza kukolea.

Alimwomba Asgarali sanduku lililovunjika la majani ya chai. Akalitandika majani, akahamishia kijiko cha udongo ule, akaufunika kwa gunia. Lilipojaa, akaomba sanduku lingine. Asgarali alilalamika juu ya nzi, lakini yeye ndiye aliyekuwa akibeba maganda ya machungwa kutoka dukani, akidai kwamba yalikuwa njiani mwake.

Mwanaisha alibaki katika nyumba yake. Maneno ya Salumu hayakufa, yaligeukia mtu mwingine, kijana aliyejenga kwa bati. Bustani ya Mwanaisha ilifanya vizuri msimu uliofuata, ingawa msimu ule kila bustani ya bondeni ilifanya vizuri. Alipokuwa na safari ya mjini alipitia dukani, akanywa chai, wakazungumza habari za mvua na za miguu inayouma. Hawakuwa marafiki kwa namna ya kutembeleana. Walikuwa watu wanaojuana.

Khursheed alipokuja kutoka Lindi na mtoto wake wa kwanza, alikuta mwasumini umerudi kwenye nondo, mfupi, umejaa maua upande mmoja tu. Akataka kichipukizi aondoke nacho.

"Nikupe ukakiue?" mama yake alimwuliza. "Huko kwako una udongo gani?"

"Udongo wa kawaida, mama. Mume wangu atanichotea nyuma ya nyumba."

"Nyuma ya nyumba ya nani?"

Khursheed alidhani mama yake anatania. Shahbanu alikuwa amekwisha kuinama sandukuni, akijaza mfuko mdogo, akibonyeza ndani majani machache makavu ili unyevu usipotee njiani.

"Anza na huu," alisema. "Ulishe. Kichipukizi nitakupa mwakani."

"Mwakani? Mama, mwaka mzima nimwagilie mfuko wa udongo usio na kitu?"

"Una vitu vingi," Shahbanu alisema, akaufunga mdomo wa mfuko kwa uzi, akamkabidhi, kisha akamchukua mtoto ili binti yake apate mkono wa kuubeba.